Besi ya Nonjabulo

Bhekani, fundi wa friji wa Umlazi, alikuwa mtu wa kushuku. Ukimletea friji ukamwambia imezima yenyewe, atainusa kwanza, kisha akutazame wewe.

Hata muziki wake ulikuwa wa masharti. Ndiye aliyeanzisha kikundi chao cha watu watatu: yeye, Nonjabulo mshona sare, na mwalimu Xaba. Na ndiye aliyeweka sheria kwamba ngoma nzima itoke kwenye sauti moja tu, uliyoirekodi mwenyewe uani kwako. Ukishaitia kwenye kompyuta, ikate, ivute, ipindue utakavyo, ila ya pili usiongeze. Mwizi wa sauti anatoka kikundini. Anayemsingizia mwenzake naye anatoka. Hiyo ya mwisho aliiongeza kwa mbwembwe, akijua sikio lake halijawahi kumdanganya.

Jumamosi moja walikutana kwa Nonjabulo kama kawaida, naye akawapigia ngoma yake mpya. Lo, besi ile. Ilishuka, ikaingia tumboni, ikakaa. Xaba alifumba macho. Bhekani machale yakamcheza.

"Umeipata wapi hiyo?"

"Tangi la maji. Nililigonga kwa ngumi."

Bhekani roho haikutulia. Tangi kama lile analo. Alipofika kwake akaligonga: du, sauti butu, ikafa palepale. Akajaribu na nyundo ya mpira. Du. Basi huyu kaichota mtandaoni, akasema moyoni, na ikamuuma sana, maana yeye alimwamini Nonjabulo kuliko watu wote.

Kesho yake mchana akarudi pamoja na Xaba. Nonjabulo akawapa chai, nusu kikombe kila mtu. Anataka tuondoke upesi, Bhekani akawaza.

"Dada, nasema mbele ya Xaba. Ile besi umeiba."

Nonjabulo akaweka sindano chini. "Una hakika, kaka? Sheria unaijua."

"Niliitunga mwenyewe."

"Haya, njooni nje."

Akawatangulia hadi kwenye tangi, akakunja ngumi, akagonga mara moja. Besi ikatoka, ileile, nzima, hadi mabati ya jirani yakatetemeka.

Bhekani akakodoa macho. "Langu mbona halilii hivyo?"

"Lako lina maji. Huko bondeni kwenu bomba linatoa. Sisi huku juu hii ni wiki ya tatu hatujaona hata tone. Hiyo chai niliyowapa, maji yake nimeyabeba kichwani."

Bhekani aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Jumamosi tatu amekaa kwenye nyumba hii, na sikio lake lote hilo, asisikie kwamba bomba limenyamaza.

"Nitakuletea maji, dada. Leo hii."

"Lete, nitashukuru. Ila Jumamosi usije."

Bhekani akamgeukia Xaba. Xaba alikuwa anatazama chini. Basi Bhekani akaingia ndani, akamaliza chai yake yote, akaenda kutafuta ndoo.