Bampa Lilitangulia Ukweni

Chekeni tu jamani, maana hata mimi siku hizi nacheka, ingawa kuna kipindi kirefu nilikuwa nikisikia mtu anataja Lalago natafuta pa kuficha uso. Mimi naitwa Shija, nina duka la vifaa vya umeme hapa Bariadi mjini, na ugonjwa wangu si pombe wala kamari. Ugonjwa wangu ni magari ya mbio yaliyotumika, yale yanayoshushwa bandarini yakiwa na umri wa kijana wa kuoa, halafu sisi huku tunayapokea kama watoto wachanga.

La kwangu ni Altezza, rangi ya fedha, gia sita za mkono. Rafiki yangu Masanja ana Impreza ya bluu yenye turbo, na sisi wawili tukikutana pale sehemu ya kuoshea magari hakuna anayefanya kazi tena. "Impreza ni gari," Masanja anasema, "inasukuma kwa matairi yote manne, hiyo yako ni pambo la sebuleni." Namjibu kwamba pambo langu linaingia kona kama limechorwa barabarani, na lake linakunywa mafuta kama ng'ombe aliyeshinda kwenye jua. Basi tutabishana hapo mpaka magari yanakauka yenyewe, hakuna aliyewahi kukubali kushindwa, na wote tunarudi nyumbani tumefurahi.

Sasa katika kushindana huko ndipo nilipoanza kulipamba. Nikaweka rimu pana, nikaweka bampa jipya la mbele lililoshuka mpaka karibu na ardhi, nikang'oa mafla na kufunga ekzosi nene kama chupa ya chai, yaani ukiachia mafuta ghafla inapiga mshindo wa bunduki (akina mama wauza nyanya sokoni wamenilaani kwa lugha zote wanazozijua). Mwisho nikazikata springi kwa grinda. Gari likakaa chini, likakaa chini hasa, pakiti ya sigara ukiisimamisha uvunguni inaanguka. Nilizunguka mji mzima siku ile kioo kimeshushwa, mkono nje, na kila tuta nilikuwa navuka kwa ubavu kama kaa.

Na wakati huohuo nilikuwa na Kabula. Kabula ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, na nilikuwa nampenda kuliko hata hiyo Altezza (anajua, nimeshamwambia, ingawa aliniuliza kwa nini nimelinganisha). Kwao ni kijijini, ukishapita Maswa unashika njia ya Lalago. Posa ilikuwa imeshapelekwa, ikabaki siku moja ya mimi mwenyewe kufika na watu wangu, wazee wanitazame, halafu baba yake, Mzee Mabula, atoe jibu. Na Kabula alikuwa ameniambia wazi kwamba baba yake akisema hapana ni hapana, harudii neno, na kwamba tayari kuna watu walishampelekea maneno kuwa mkwe mtarajiwa ni mtu wa kuchezea magari.

Asubuhi ya siku yenyewe akanipigia simu kutoka kijijini, alikuwa ametangulia kusaidia kupika.

"Shija, huku mvua imepiga usiku kucha. Njoo na pikapu ya baba mdogo."

"Pikapu ya kubebea pumba? Kabula, leo baba yako anataka kuona mwanaume."

"Baba anataka kukuona umefika."

Nilicheka nikakata simu, na hapo ndipo nilipojichongea. Nilitaka Mzee Mabula aisikie Altezza ikiingia, nilitaka wazee wageuze shingo. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, naye akakataa katakata kupanda kwangu. "Humo nakaa kama nimelazwa wodini," akasema, "magoti mdomoni. Mimi nitapanda na Masanja." Kabla hajafunga mlango wa Impreza akaniita dirishani: "Na ukimwona mama yake Kabula, macho chini, unapita pembeni. Usitutie aibu." Nikamwambia, baba, mimi si mgeni, nayajua hayo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai meza moja, wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mwenzake apite. Nani asiyejua?

Nawaambia, ile lami ya kutoka Bariadi mpaka Maswa niliila siku ile! Asubuhi imeoshwa na mvua, pamba imetoa maua pande zote, barabara tupu, nikamwacha Masanja aanze, kisha nikarudisha gia mbili, nikakanyaga, ekzosi ikalia mpaka nikasikia kifuani, nikampita nikipiga honi. Niliona tu mkono wa baba mdogo umeshika kofia yake. Nilikuwa naimba peke yangu ndani ya gari, mtu mzima nimevaa suti, naenda kuoa.

Baada ya Maswa lami ikaisha na furaha ikaanza kupungua. Masanja akanipita bila hata kupiga honi (hilo liliniuma zaidi), akapotea mbele. Nikaenda taratibu, tumbo la gari linakwangua, naomba Mungu, mpaka nikakata kuingia njia ya kijijini. Sasa njia ile imelimwa na matrekta na mikokoteni, kuna mifereji miwili ya matairi na katikati kuna mgongo wa udongo mweusi wa mbuga, ule ambao ukilowa unanata kama ugali mbichi. Gari lililo juu linapita. Langu lilipanda juu ya mgongo ule, likakaa hapo kwa tumbo, na matairi ya nyuma yakabaki kusaga tope bila kwenda popote. Hata nyumba za kina Kabula nilikuwa naziona kwa mbali!

Kumpigia Masanja? Bora nilale hapohapo. Nikavua koti, nikalikunja vizuri kitini, nikaingia chini ya gari kwa mgongo ili nichimbe ule udongo kwa fimbo ya jeki. Nikachimba, nikachimba, nikajisogeza ndani zaidi, kuja kutaka kutoka suruali imenasa kwenye waya wa ekzosi. Nikavuta, wapi. Nikawa nimelala pale miguu nje, kichwa ndani, natukana springi.

Ndipo nikasikia sauti za wanawake wanatoka kuchota maji, wanacheka, halafu kicheko kikakatika.

"Mayu wane, mama yangu! Mtu amelaliwa na gari!"

Ndoo zikaanguka. Kabla sijasema kwamba mimi mzima, mikono yenye nguvu ya mtu aliyepalilia pamba maisha yake yote ikanikamata mguu wa kulia. "Vumilia mwanangu! Vumilia! Jamani njooni, bado ana joto!" Nikapiga kelele, wao wakadhani nakata roho, wakavuta zaidi. Kiatu kikatoka, suruali ikachanika kutoka gotini mpaka mahali ambapo sitapataja, nami nikatoka chini ya Altezza kama ndama anayezaliwa, tope kuanzia visigino mpaka masikioni.

Nilisimama, nikamwona mama yule aliyenivuta, mnene, anahema, machozi yanamtoka kwa hofu, na jamani roho yangu iliguswa. Mtu hanijui lakini analia kwa ajili yangu! Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikautikisa, nikainama, nikautikisa tena. "Asante mama! Mungu akupe maisha marefu! Mwenzenu nilikuwa nawahi kwa Mzee Mabula, mimi ndiye mkwe wao, leo ndiyo napokelewa."

Yule mama aliutazama mkono wake ndani ya mikono yangu, akauchomoa kama ameshika kaa la moto, akajifunika kitenge kichwa kizima na kukata moja kwa moja katikati ya shamba la pamba, ndoo kaiacha.

"Vipi, huyu mama nimemkosea nini?" nikauliza.

Mmoja wao alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, anazuia kicheko. Akajikaza akasema, "Baba, huyo ndiye mama yake Kabula."

Sijui nilikaa chini saa ngapi. Najua nilikaa kwenye tope, na mama mmoja kwa huruma akanipa kitenge nijifunge kiunoni. Nilitamani udongo ule uliolinasa gari uninase na mimi.

Habari ikafika kule kabla yangu. Masanja alitaka kuja kunivuta na Impreza, lakini Mzee Mabula akasema magari yameshajionyesha vya kutosha, wapelekwe maksai. Basi akaja Luhende, kaka yake Kabula, na maksai wawili wa kulimia na nira yao na mnyororo, nyuma yake Masanja ameshika simu anarekodi. Gari lilivyokaa chini hapakuwa na namna ya kufikia ndoano ya kuvutia, nikasema pitisheni mnyororo kwenye tundu la bampa, ni imara (nilisema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu).

Luhende akaniambia, "Kaa ndani, shika usukani, usiguse kingine chochote."

Maksai wakavuta. Gari likashuka kwenye ule mgongo taratibu, likaanza kwenda, likaenda, nikaona uwanja wa nyumba, nikaona wazee kwenye viti, na nikaona aibu kuingia kimya kama mzigo wa kuni. Nilipaswa kutulia. Badala yake nikawasha. Likawaka! Jamani likawaka mara moja, mtoto wa Japani, na mimi kwa ile furaha nikalipiga resi moja tu na kuachia.

Paa!

Maksai wale hawajawahi kusikia Altezza. Waliruka, kitu kikalia kraa! mbele yangu, na nilipotazama bampa halipo. Bampa lilikuwa linaenda ukweni bila mimi, linaruka juu ya matuta ya pamba, na namba yangu ya gari inang'aa. Likaingia uwanjani, wazee wakatawanyika na viti vyao, sinia la michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) likapinduka, kuku wakapanda paa. Maksai wakaenda kusimama mlangoni mwa zizi, mahali wanapofunguliwa siku zote, wakatulia kana kwamba wamemaliza zamu.

Mimi nikafika baadaye kwa mguu, kiatu kimoja, kitenge kiunoni. Wazee wakakaa tena. Baba mdogo akakohoa, akaanza, "Ndugu zetu, tumekuja kwa heshima," akaliona bampa, akashindwa kuendelea.

Mzee Mabula hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alinyoosha fimbo kuelekea lile gari njiani. "Ulilinunua likiwa hivyo, chini?"

"Hapana baba. Lilikuwa juu. Nilikata springi."

"Lilikuwa na ubovu?"

"Hapana baba. Lilikuwa zima."

"Ulinunua kitu kizima, ukakikata." "Na mimi nikikupa binti yangu mzima, utaanza kumkata wapi?"

Masanja aliacha kurekodi. Kabula alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameshika mwiko, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikajua hapo nimempoteza, nimempoteza kwa sababu ya kelele, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye mwendo wowote ule. Nikasema tu, "Baba, mimi ni mjinga wa magari. Kwa Kabula si mjinga." Sikujali tena nani anatazama.

Halafu sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko, haisemi na mimi, maana haiwezi kusema na mimi. "Mwambieni baba Kabula, huyo mtu nimemvuta kwa mikono yangu nikidhani anakufa, na alipotoka hakuuliza gari lake limepona. Alishika mkono wangu akashukuru. Halafu soksi yake imetoboka dole gumba liko nje. Ana hela ya kupamba chuma, hana mtu wa kumwambia anunue soksi. Apewe mke haraka."

Wazee walijitahidi. Baba mdogo ndiye aliyeanza, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na ikawa hakuna wa kumzuia mwenzake. Mzee Mabula akafuta macho kwa kiganja. "Atalipa mbuzi wa kumwosha mama yenu mkono," akasema, "na siku ya kuleta ng'ombe, ng'ombe waje kwa miguu yao. Wasipakiwe kwenye kitu chake chochote."

Hivyo ndivyo nilivyopata mke. Altezza bado ninayo, na Masanja bado anasema uongo kuhusu Impreza, lakini nimeapa mbele ya mashahidi kwamba chombo chochote nilichokigusa kwa grinda hakitakanyaga tena udongo wa ukweni. Siku hizi natoka Maswa kwa bodaboda, nashuka mbali, namalizia kwa miguu kimyakimya. Nikimwona mama mkwe anakuja njiani naingia kwenye pamba, nainamisha macho, naye anajifunika kitenge na kupita upande wake, adabu zote zimetimia. Sioni uso wake kabisa. Lakini mabega yanamtikisika, yanamtikisika mpaka anapokata kona.