Mwana wa Haramu

Juzi, kanisani katika mji wa Laurel, huku ughaibuni, nilimwona mwalimu wa Kiswahili akiwapigisha watoto makofi kwa kila silabi: mwa-na-fu-nzi. Nikakumbuka alasiri moja jikoni kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyetuhifadhi. Vitunguu vilikuwa vinanukia.

"Huyu mwanaharamu wako hashibi?" mama mkubwa alimuuliza mama.

Nililipenda neno lile, sauti ilivyopanda kwenye "ra". Nikalikata vipande viwili: mwana, Haramu.

"Mama, baba yangu anaitwa Haramu?"

Mama mkubwa alicheka hadi machozi yakamtoka. "Ndiyo, mzee Haramu. Nenda kawaambie wenzako."

Mama aliinamia sufuria, akaendelea kukoroga vitunguu. Hatukuwa na pengine pa kulala.

Nikashuka ngazi mbio, nikawatangazia watoto wa majirani kwamba hata mimi nina baba.