Kaburi la Ziada Makoongwe

Bora niwasimulie mwenyewe, maana najua huko Konde mkasa huu unasimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila mmoja ananiongezea aibu ya kwake, wakati ile niliyoipata inanitosha kabisa.

Mnanijua. Niliondoka Pemba na begi moja, nikabeba mizigo Kariakoo mchana na kusoma usiku, hakuna mjomba aliyenishika mkono, na nimerudi na stashahada ya utabibu ambayo mama ameitundika sebuleni juu ya televisheni (mgeni hapewi chai kabla hajaisoma). Kwa hiyo serikali iliponiteua kuwa mkaguzi wa maiti, yaani yule tabibu anayeitwa mtu akifa ghafla ili auangalie mwili, aseme kafa kwa nini, na aruhusu kuzika au azuie, mimi sikushangaa uteuzi, nilishangaa kuchelewa kwake. Nikanunua koti jeupe jipya.

Wito wa kwanza ukatoka Makoongwe, kile kisiwa kidogo kinachotazamana na Mkoani. Bibi mmoja, Bi Time, alikutwa shambani kwake amelala, hana uhai, na jamaa zake walitaka kumzika kabla ya alasiri. Nikavuka kutoka Mkoani na askari mmoja, na tuliposhuka tukapokewa na sheha wa pale, Mzee Kombo.

"Karibu daktari," akasema, "kaa kitako unywe kahawa, nkimaliza na askari n'takupeleka mwenyewe."

"Mzee, kazi ya serikali hainywi kahawa," nikamjibu. "Nyumba ya msiba nitaiona tu."

Nikaenda peke yangu. Jua lilikuwa la utosini na mji ulikuwa kimya, kimya cha kukufanya usikie nguo zako mwenyewe, hata jogoo hawakuwika. Nikanusa ubani, nikaufuata mpaka kwenye nyumba yenye viatu vya kike mlangoni. Nikapiga hodi, hakuna aliyeitika. Nikaingia.

Chumba kilikuwa na giza, madirisha yamefungwa, moshi wa chetezo umetanda. Wanawake wamekaa wameegemea kuta, na katikati, juu ya mkeka, mtu amefunikwa shuka jeupe kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Nikatoa salamu. Midomo ikacheza bila sauti. Nikajiambia, msiba umewaingia hawa.

Sasa, mwanamke wa watu humfunui ovyo mbele ya jamaa zake, adabu hiyo ninayo, kwa hiyo nikapiga magoti nikamshika kifundo cha mkono juu ya shuka. Baridi (shuka lilikuwa limelowa marashi, lakini hilo nililijua baadaye). Nikatafuta mapigo, sikuyapata. Nikasimama, nikakohoa, nikatoa ile sauti yangu ya Dar: "Amefariki."

Hakuna aliyelia. Bibi mmoja alinikodolea macho akatikisa kichwa taratibu, nami nikadhani ni uchungu. Nje ya dirisha mtu alisema "Inna lillahi," kisha nikasikia nyayo zikikimbia.

Mkaguzi lazima aulize, basi nikauliza. "Nani alizungumza naye mwisho?" Kimya. "Alikula lini?" Kimya, macho tu gizani. Nikapandwa na hasira. "Mimi nimeteuliwa na serikali! Marehemu amekula lini?"

"Jana," sauti ikajibu.

Ilikuwa sauti nzito ya kiume, na mwanamume mle ndani nilikuwa mimi peke yangu. Ilitoka chini ya shuka. Ulimi (sijui kwa mazoea, sijui kwa ujinga) ukaendelea wenyewe: "Na nani alizungumza naye mwisho?"

"Mie," ikasema, na shuka likainuka likakaa kitako.

Nilitoka bila viatu, nimekipiga teke chetezo, pindo la koti jipya linaungua, na mlangoni nikamvaa mama mmoja mtu mzima aliyebeba majani. Ndiye fundi wa pepo.

"Nani kamwingiza ntu huyu?" akafoka. "Si nlisema asifungue mdomo ntu mpaka nirudi?"

Hapo ndipo ndimi zilipofunguka, wote kwa pamoja: yule ni Bi Mize, mke wa Mzee Faki, ana pepo, alikuwa akifukizwa, na nyumba ya msiba ni ya pili yake!

Nikaenda kumkagua Bi Time kwa utaratibu, nikaruhusu azikwe. Lakini habari yangu ilikuwa imeshatangulia makaburini. Wachimbaji waliambiwa kwamba Bi Mize naye kaondoka, na kule ardhi ni mchanga, huchimbika upesi. Tulipofika na jeneza, kaburi la pili lilikuwa limeshafika kiunoni, na Mzee Faki amekaa ukingoni, miguu ndani.

Nikamwambia mkewe yu hai. Hakufurahi.

"Umenchimbia nke wangu kaburi, daktari," akasema. "Kaburi halifukiwi tupu. Litamwita."

Nilitaka kumweleza sayansi. Nikatazama nyuso zilizonizunguka, nikaiacha. Bi Time alipokwisha kuzikwa ukakatwa mgomba, ukaviringishwa bafta nyeupe kama sanda ili uzikwe badala ya Bi Mize, na sheha akanipa upande wa kichwani nibebe.

"Kazi ya serikali hainywi kahawa," akasema, "lakini kubeba inabeba."

Kaburini kijana mmoja akapaza sauti, "Yakhe daktari, upime kwanza nkono, tusije tukazika mzima!" Wakacheka wote isipokuwa Mzee Faki. Kwa unyonge nikainama, nikaushika mgomba.

Bi Mize ni mzima mpaka leo. Tukikutana Mkoani sokoni hunyoosha mkono mbele za watu, "Daktari, hebu ntazame, nipo?" na soko zima hufa kwa kicheko. Nami bado ni mkaguzi, na mzuri (nani mwingine ana stashahada?). Ila siendi popote bila sheha, kahawa nainywa mpaka machicha, na kabla sijagusa shuka lolote namtolea salamu aliye chini yake, halafu nasubiri. Wenzangu wanadhani ni adabu.

Siyo adabu. Siku ile pale kaburini, chini ya bafta, niliyapata yale mapigo niliyoyakosa kwa Bi Mize. Taratibu, moja baada ya jingine. Nilipoinua uso Mzee Faki alikuwa ananitazama.

"Vipi?" akauliza.

"Zikeni," nikamwambia. "Zikeni upesi."