Papa Walipokatazwa, Binti Yangu Akapata Kaka

Bahari sijaiona mpaka leo, na papa aliye hai simjui. Lakini sheria ya kuwalinda papa naijua vizuri, maana ilitoka huko pwani ikanifuata mpaka chumbani kwangu Tabora, nimelala na mtoto mchanga ubavuni na maziwa hayatoki.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Maziwa ya kopo ukiyaulizia dukani unatazamwa kama mwehu. Nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza, mume wangu yuko mbali kwenye kazi yake ya reli, na aliyeniuguza uzazi ni bibi yangu mzaa mama. Bibi yule, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo. Wazee wake walikuja huku Unyanyembe na misafara ya kutoka pwani wakabaki, na pamoja na dini na mapishi ya nazi walituachia imani moja: mzazi asiyetoa maziwa anyweshwe mchuzi wa papa mkavu. Bibi alinyweshwa, mama yangu alinyweshwa. Basi, hakuna mjadala.

Akaenda sokoni kwa mzee aliyekuwa akiletewa papa kwa treni. Alirudi mikono mitupu, ushungi umemwangukia mabegani, anafoka tangu mlangoni.

"Eti hakuna! Eti serikali imezuia kuwavua!"

Mzee wa sokoni alikuwa amemweleza kwamba kule unakotoka mzigo wake, papa wenye mimba husogea kwenye maji ya kina kifupi kuja kuzaa, na wavuvi walikuwa wakiwazoa pamoja na watoto waliomo matumboni. Ndiyo maana pamefungwa. Bibi hakuamini hata kwamba papa anazaa. "Samaki hutaga! Yule mzee ananichezea." Kisha akakaa kitandani, akamtazama kitukuu chake akivuta ziwa kavu, na sauti ikamvunjika. "Papa ana serikali ya kumtetea. Huyu wangu ana nani?"

Nami nilimwonea wivu papa, nasema kweli. Anakuja kuzaa, watu wanamwekea sheria.

Ng'ambo ya ua alipanga mama mmoja Mkatoliki, mkulima wa upande wa Nzega, naye ananyonyesha mvulana aliyenona hasa. Alikuja mlangoni akapiga goti. "Shikamoo, bibi. Nipeni mtoto nimnyonyeshe."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante, tunasubiri papa."

Alipoondoka nilimlalamikia bibi mpaka nikakohoa. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba katika dini yetu, mtoto akinyonyeshwa na mwanamke mwingine anakuwa mwanawe, na watoto wa yule mwanamke ni ndugu zake mpaka kaburini. "Leo wapangaji, kesho wamehama. Utamwambia nini huyu, kwamba ana kaka asiyemjua? Undugu hauokotwi uani."

Akajifunga kanga, akaenda stesheni kuwauliza abiria wa kutoka pwani kama kuna aliyebeba hata kipande. Huku nyuma mtoto akaacha kulia. Hicho ndicho kilichonitia hofu. Nikajikokota mpaka mlangoni, nikamwita yule jirani kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Alikuja na unga mikononi. Alimweka mwanawe sakafuni, akampakata wangu, akampa. Kwanza midomo haikushika. Akamkamulia matone, akasubiri, akamkamulia tena. Kisha nikasikia mtoto anameza. Nililia bila haya.

Bibi akatukuta hivyo hivyo. Hakuwa na papa. Alisimama mlangoni akimtazama jirani, akamtazama na yule mvulana anayelia sakafuni kwa sababu chakula chake kimepewa mgeni. Nilijua sasa tutatukanwa sote. Bibi akainama, akamnyanyua mtoto, akamfuta kamasi kwa pindo la kanga.

"Nyamaza, kaka mtu. Dada yako anakula."

Yule mama alimnyonyesha binti yangu mpaka akazoea uji. Halafu yakaja malori ya kuhamishia watu vijijini, naye na mumewe wakapelekwa kijiji kipya huko mbele ya Isikizya. Papa walirudi sokoni kidogo kidogo kutoka kwingine. Bibi hakuwanunua tena, na sikumuuliza.

Binti yangu tulimwambia mapema: una kaka, mmenyonya pamoja. Akawa anamwekea karanga kwenye kopo. Zikiota kuvu anazimwaga, anaweka nyingine. "Anakuja lini?" Kila sikukuu swali hilo hilo, mpaka unachoka kujibu.

Mchana mmoja yule mama aliingia uani, miguu imejaa vumbi. Alikataa kiti, akakaa chini. Alisema mwanawe alishikwa na homa kijijini, dawa hakuna, na wameshamzika.

"Nimekuja kumwambia dada yake," akasema.

Nilichofikiria ni yale maziwa tu, kwamba nusu yake yalikuwa ya marehemu na yamemkuza wangu.

Bibi, macho yake wakati huo yamekwisha nguvu, alinyanyuka akishika ukuta.

"Epua hicho chungu, uzime moto," akaniambia. "Utandike mkeka. Tumefiwa."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni amesikia yote. Akaingia ndani, akatoka na lile kopo la karanga, akamwekea mapajani mama yake aliyemnyonyesha.