Korongo wa kepteni aliugua, mpishi akashikwa kwa sumu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wadogo shikamoo zenu naziweka mfukoni mapema.

Mimi ni mzee wa Kibuli, Kampala. Mjukuu ndiye kanifungulia hii akaunti. Kisa hiki sijakitia chumvi, atakayebisha abishe kwa adabu.

Miaka ya sabini, enzi za utawala wa jeshi, nilikuwa nasoma slaidi za malaria kwenye zahanati ndogo mtaani kwetu. Damu ya watu tu. Na nilikuwa na kiburi na kazi yangu, sifichi.

Sasa kuna kepteni mmoja wa kule kambi ya jeshi ya Mbuya alifuga korongo, yule mwenye taji, Waganda wanamwita ngaali. Alikamatwa porini, akawa anatembea uani kama mwenye nyumba. Ghafla akaacha kula, akawa anasinzia amesimama.

Kepteni akasema ni sumu. Mpishi wake Rajabu, Mnubi, jirani yangu kabisa, akafungiwa stoo.

Wakati ule mtu akifungiwa namna hiyo, kwake walianza kulia mapema.

Mkewe hakulia. Alimwendea kepteni mwenyewe, akamwambia Kibuli kuna mtu anasoma damu. Mama yule alitushinda wanaume wote wa mtaa.

Nikafuatwa na jeep, mimi na hadubini yangu.

Nikatoboa mshipa chini ya bawa, nikapaka damu kwenye slaidi, nikaitia rangi, nikaangalia.

Wakuu, kila seli ilikuwa na kitu cha zambarau ndani. KILA SELI.

Nikaropoka, "Afande, ni malaria. Imejaa kote!"

Kepteni akanitazama. "Imejaa kote, na yeye bado nasimama?"

Kwa damu ya mtu, hali ile ni maiti. Nikaomba kuku mzima wa pale uani, nikampima. Naye vilevile, kila seli ina kitu.

Hapo nikakumbuka somo moja la chuoni nililosinzia. Seli nyekundu za ndege zina kiini, zetu hazina. Nilikuwa nimekiita kiini malaria!

"Kuku naye iko gonjwa?" kepteni akauliza.

Ningeweza kudanganya, hakujua tofauti. Lakini uongo ungekuja kugundulika, tungezikwa wawili, mimi na Rajabu.

"Hapana, afande. Nilikosea."

Kepteni akainyooshea hadubini kidole.

"Basi tafuta tena."

Nikatafuta polepole. Kwenye seli chache za korongo nikaona kidude kimekisukuma kiini pembeni, na ndani yake punje nyeusi kama masizi. Punje hizo nazijua, malaria ya mtu huziacha pia. Kwa kuku hazikuwepo hata moja.

Sikumtangazia jibu. Nilimkaribisha aangalie mwenyewe, kwanza kuku, kisha korongo. Alivua kofia, akainama kitambo.

"Hii nyeusi ndiyo gonjwa?"

"Ndiyo, afande. Malaria ya ndege. Inaletwa na mbu, wala haishiki mtu."

Rajabu akatolewa stoo, akaambiwa arudi jikoni. Korongo tukampa klorokwini.

Siku ya tatu akafa.

Na aliyemkuta amekufa ni Rajabu. Habari ilipofika Kibuli nilifunga zahanati, nikaenda kukaa na mkewe. Mimi nilikuwa najilaumu, labda ningesoma vizuri mara ya kwanza kepteni angeniamini.

Alasiri Rajabu akaingia kwa miguu, suruali ina udongo. Kepteni alikuwa amemwambia, "Mimi naona na macho yangu. Chimba shimo, zika yeye, kisha pika chakula."

Mkewe ndipo akalia. Nami nikalia, kwa furaha tupu.

Nilichojifunza: kabla hujasema huyu mgonjwa, mtazame kwanza mzima. Na ukikosea, sema mapema, hata kama anayekusikiliza ana bunduki.

Wataalamu wa mifugo na maabara nirekebisheni. Wengine niambieni, ungekuwa wewe ungekiri kosa?

Rajabu alizaa watoto wanne baada ya siku ile. Mmoja wao ndiye aliyemwoza binti yake kwa kijana wangu.