Rani na Pinki Kwenye Sinia Moja

Mume wangu Sabir si mtu wa mbwa. Nasema mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Ndia Kuu wameshamvisha jina, na jina likishaingia mtaani halitoki. Wamwita Sabir Mbwa. Kwa asili yake ni mshoni wa kofia. Macho yalipopungua nuru akatafuta kazi ya kulinda nyumba, akaipata kwa Bi Firoza, mjane mwenye nyumba kubwa kule Kizingo, nyuma ya barabara ya Mama Ngina. Nyumba ilikuwa na mbwa wawili majike: Rani, mzee wa siku nyingi, na Pinki, aliyeletwa mdogo akakua mpaka akamzidi mwenzake ubavu.

Nimechoka na mbwa hao ambao sijapata hata kuwagusa. Kila akirudi na mate yao mkononi au nguoni ni kutohara: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Na udongo wenyewe Mji wa Kale uko wapi? Kwetu ni mawe na saruji mpaka mlangoni. Basi huubeba kwenye mfuko kutoka huko huko Kizingo, nami nammiminia maji huku nanung'unika. Aliniahidi kwamba mwezi wa Ramadhani ukiandama ataacha kazi akae nyumbani. Niliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili.

Ndipo Pinki akaanza kumtafuta mwenziwe. Akimkuta Rani amelala kizingitini, humsimamia kichwani, mkia umekakamaa. Rani naye, uzee haukumtoa ukali. Akiinuka tu, washashikana. Daktari wa mifugo akaitwa, akasema walishwe mbalimbali, mlango uwe baina yao, watoke kwa zamu, na wakipigana mtu asitie mkono. Bi Firoza akaongeza lake: vita vikitokea tena, Rani atachomwa sindano ya kumlaza moja kwa moja. Keshakula chumvi nyingi, alisema, na wawili hawa hawakai pamoja.

Sabir alirudi siku hiyo hali chakula. Rani ndiye humtangulia akizunguka ua, na penye ngazi husimama akamngoja, maana ajua macho ya bwana huyu hayamtoshi.

"Fanya alivyosema daktari," nikamwambia.

"Daktari ajua dawa, Mamake Yumna. Suluhu haijui. Watu wa nyumba moja wakigombana, hupatanishwa vipi? Si hukalishwa sinia moja?"

"Hao ni mbwa!"

"Kwani mbwa hana tumbo?"

Nilidhani ni maneno tu. Kumbe alikwenda chini ya kitanda akachukua sinia langu kuukuu, lile lililobonyea ubavuni, bila kuniuliza. Akapika ugali na matumbo, akaliweka katikati ya ua wa watu, akapiga bismillahi, akawaita wote wawili waje kula kama jamaa. Rani akainamisha kichwa kwanza. Pinki akanguruma. Matumbo yakaruka, na Sabir, badala ya kukimbilia ndoo ya maji, akatia mkono kuamua.

Alikuja nyumbani mkono umefungwa kilemba, kilemba kimelowa damu.

"Lete udongo," akasema.

"Udongo! Twende hospitali ukachomwe sindano."

"Nikenda, Bibi atajua. Ataniuliza ni yupi aliyeniuma."

"Na usipokwenda, ukapata kichaa cha mbwa, n'kuzike na nani? Na Rani wako?"

Nilikuwa na hasira. Nikavaa buibui nikampeleka mwenyewe, na tulipotoka huko nikamfikisha kwa Bi Firoza, nikakaa papo hapo asije akadanganya.

"Mzee Sabir," Bi Firoza akauliza, "ni Rani, siyo?"

"Ni Rani, Bibi. Lakini kosa ni langu. N'liwatilia sinia moja."

"Sinia? Mbwa?" Alicheka mpaka mtandio wake wa dupata ukamteleza begani. Kisha akamtazama mkono. "Daktari alituambia milango. Magoti yangu haya hayawezi milango. Nawe wasema Ramadhani waondoka. Basi nikwambie kweli: ukikaa ukawatenga, Rani akaa. Ukiondoka, namwita daktari."

Nilimkazia macho Sabir aikumbuke ahadi aliyonipa. Hakunigeukia.

"Nitakaa, Bibi."

Ramadhani imekuja na imepita. Asubuhi Rani yuko uani na Pinki kafungiwa. Baada ya adhuhuri hubadilishana, na Sabir kati yao na funguo zake, huyu akila jikoni, yule varandani. Hawakupatana. Hawaonani tu, na hiyo ndiyo amani yao. Siku ya Jumaa hana mapumziko, Idi pia hakushinda nyumbani. Alikuja akala pilau kwa haraka, akarudi kufungua mlango.

Jana alipokuja kula cha mchana nilikuwa nimechoka hata kugomba.

"Babake Yumna," nikamwambia, "Rani ana zamu yake, Pinki ana zamu yake. Mimi zamu yangu lini?"

Alirudisha tonge kwenye sahani.

"Rani akifa," alisema, na hakulishika tena lile tonge.

Sikuweza hata kumwomba Mungu iwe upesi.