Baraka ya Chooni kwa Maandishi ya Harusi

Bandugu, mniombee. Sijui leo nimeharibu harusi ya dada yangu au nimeiokoa.

Choo cha ukumbi kiliziba.
Nikachapa tangazo haraka kwa fonti ya kadi zetu za mwaliko, ile nyembamba inayojipinda kama mwandiko wa mkono. Nikalibandika kwenye korido.

Mama ya bwana harusi, Mbelgiji wa Uccle asiyejua Kiswahili, akalitazama, machozi yanamlenga.
"C'est beau, zuri sana! Linasema nini?"
Bon, mimi na woga wangu: "Ni baraka ya wazee, maman."

Wakati wa hotuba akainua glasi, akawageukia maharusi:
"Choo kimeziba!"

Papa yetu, baba wa bibi harusi, akasimama: "Amina!"
Ukumbi mzima: "Amina!"

Sasa yule maman anataka "baraka" hiyo ichongwe ndani ya pete zao, kwa fonti ileile.

Nani atamwambia?